Saruji Isiyoshika

Kibiti, Rufiji
Jumapili, 17 Machi 1996

Kaka yangu mpendwa Gaudens,

Ti. Ndivyo ilivyolia, kaka, kidogo hivyo, kama punje ya mchele iliyodondoka kwenye bati, nami nimekaa na sauti hiyo tangu Agosti ya mwaka jana. Unisamehe kuanza na sauti kabla ya salamu. Mama angekuwa hai angenirudisha mlangoni nikabishe hodi upya. Basi nabisha. Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo wewe, na wifi Wilhelmina na mguu wake, na watoto? Nasikia wanunuzi binafsi wa kahawa wamekuwa wengi huko Mbinga, wanafika mpaka mashambani na magari yao. Usimpimie mtu kahawa kabla hujaikagua mizani yake.

Mimi sijambo. Homa iliyonilaza mwezi wa pili imekwisha, ila masikio bado yanavuma kidogo kwa sababu ya kwinini. Masika yameanza. Mto umejaa, wenye mashamba ya mpunga wanamshukuru Mungu kwa moyo mmoja, na sisi wenye kusafiri tunamshukuru huku tukivua viatu.

Barua yako ya Januari niliipata. Umesema sanduku umelichonga kwa mninga, limebaki vanishi tu, na kwamba mwezi wa saba utanisindikiza nalo mpaka chuoni Dar es Salaam, uione na bahari mara moja kabla hujazeeka. Umesema padri ameitangaza kanisani nafasi yangu ya chuo. Kaka, nakushukuru. Neno hili nimeliandika katika kila barua kama watu wanavyoliandika, lakini leo naliandika nikiujua uzito wake. Baba alipofariki uliacha shule kidato cha tatu ili mimi niingie cha kwanza. Hukuniambia hata siku moja kwamba ulikuwa wa pili darasani. Nimelisikia kwa watu. Ndiyo maana haya ninakuandikia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote wa nyumbani, na ninaomba uyasome peke yako mpaka mwisho kabla hujamsomea wifi.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Katika chumba changu cha meno hakuna umeme wala mashine. Nina kiti cha mbao chenye mahali pa kuegemeza kichwa, vijiko vidogo vya chuma vya kukwangulia uozo, na saruji nyeupe ya kuzibia, ambayo ni unga na maji yake, inakorogwa papo hapo na kusindiliwa kwenye tundu la jino kwa kidole. Aliyekuwa akinikorogea ni mhudumu wangu, Bi Mwanajuma. Ni mama wa makamo, mzaliwa wa vilima vya Umatumbi aliyeolewa hapa Kibiti. Aliajiriwa kufagia, akajifunza kukoroga kwa kuwatazama matabibu walionitangulia, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Wagonjwa walimpenda kwa mdomo wake. Mwanamume akianza kuugulia kabla sijamgusa, humwuliza kama mkewe anajua kuwa ameolewa na mtoto. Mimi aliniita tabibu mbele ya watu, na tukiwa wawili aliniita mwanangu.

Mwezi wa tano mwaka jana tuliitwa semina, tukapewa kila mmoja chupa ndogo ya dawa ya fedha. Ni fedha ile ya pete na bangili, imeyeyushwa ikawa maji. Ukiipaka kwenye jino linalooza, uozo unasimama hapo hapo. Hausogei tena, unakuwa mgumu, lakini unakuwa mweusi kama mkaa. Tundu linabaki, nalo unalifunika kwa saruji. Maelekezo yalikuwa mafupi: paka, mwache mgonjwa aende zake, arudi baada ya wiki ndipo umzibe. Niliyaandika kwenye daftari kwa wino mwekundu.

Lakini wagonjwa wangu wengi hutoka visiwani, kwenye delta. Wanangoja maji yajae ndipo mtumbwi utoke, wanateremka Nyamisati, wanadandia lori au wanatembea kwa miguu mpaka Kibiti. Mtu huyo ukimwambia arudi wiki ijayo anakutazama kama uliyemtania. Na hakuna aliyekubali kurudi kwao na jino jeusi. Basi nikaamua kufanya yote kwa mara moja. Nilipaka dawa, nikafuta kwa pamba, nikaziba juu yake pale pale. Kuosha sikuosha, maana maji ya kiangazi Bi Mwanajuma aliyabeba kichwani kutoka kisimani, nami nilijiona mwerevu kwa kuyabania. Mgonjwa aliingia na tundu akatoka na jino jeupe. Walinishukuru kwa mikono miwili. Mmoja alinitumia kaa wakubwa waliofungwa miguu kwa ukindu. Kaka, nilizoea kushukuriwa, na mtu akizoea kushukuriwa haulizi tena maswali.

Sasa nifike kwenye ile sauti. Bi Mwanajuma ana mjukuu, Zuena. Mwaka jana alikuwa mwali. Huku msichana akivunja ungo huwekwa ndani, haonekani na watu, anafundwa na kungwi wake, na baada ya mavuno hutolewa kwa ngoma, watu wote wakija kumtazama. Wiki moja kabla ya kutolewa walimleta kwangu alfajiri, amefunikwa kanga gubigubi, jino la mbele limeliwa nusu. Bibi yake alikoroga, mimi nikapaka na kuziba, na binti akajitazama kwenye kioo changu kidogo mpaka tukamnyang'anya.

Siku ya kutolewa nami nilialikwa, nikakaa mkekani na wanawake kama mtu wa nyumbani. Zuena alipambwa kwa shanga, akapakwa mafuta mwili mzima, akaletwa mbele ya sinia ya wali na kuku ale tonge la kwanza hadharani. Akauma kipande cha kuku. Ti. Saruji yangu ilidondoka nzima nzima kwenye ukingo wa sinia, kama ilivyotoka kidoleni mwangu. Binti alishtuka akafungua mdomo, na wote tukaliona jino, jeusi tii. Kicheko kikaanzia nyuma, kwa wasichana wenzake. Kungwi wake hakucheka. Alinigeukia akasema, watu wote wakisikia, kwamba walinipa mwali mwenye jino bovu, nami nimewarudishia mwali mwenye masizi.

Nilijibu. Ningeweza kunyamaza, lakini nilijibu, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba huenda saruji ilikorogwa nyepesi. Sikutaja jina. Hapakuwa na haja, kwa kuwa kila aliyekuwa pale alijua ni nani anayekoroga. Bi Mwanajuma alikuwa amesimama na birika la kunawishia wageni. Alinitazama mara moja tu, akaendelea kumimina maji kwenye mikono ya watu.

Baada ya hapo wengine walianza kurudi, au kutuma habari. Kufikia Septemba, kati ya meno arobaini na mawili niliyoyapaka dawa na kuyaziba siku moja, ishirini na tisa yalikuwa wazi. Wilaya ikataka taarifa. Niliandika kurasa nne, kwa lugha nzuri, nikaeleza kwamba kosa ni uzembe wa mhudumu katika ukorogaji, nikapendekeza wahudumu wote wapimwe upya. Wakati ule niliamini nilichoandika. Au niseme, nilitaka kukiamini, na sikumtafuta mtu wa kunikanusha. Taarifa ile ilisifiwa. Ilisomwa kwenye mkutano wa matabibu, wakasema huyu binti ana jicho, na ndiyo iliyonipatia nafasi ya kwenda kusoma zaidi, ile uliyotangaziwa kanisani. Bi Mwanajuma alitolewa kwenye chumba cha meno, akapewa fyekeo akate nyasi za uani.

Hakuninunia. Siku moja ya Novemba alisimama nje ya dirisha langu, fyekeo begani, akaniambia kuna jambo limekuwa likimsumbua. Akasema, ukijenga nyumba, boriti unazipaka oili chafu ili mchwa wasile. Lakini siku uliyopaka oili hukandiki. Unaacha boriti zinywe, zikauke, hata wiki. Ukikandika siku ile ile, udongo utakaa siku mbili tatu na wewe utafurahi, kisha utabambuka vipande vizima vizima, kwa kuwa umeshika oili, haukushika mti. Akaniuliza kama dawa yangu ya fedha si oili ya jino. Akaongeza kwamba wagonjwa wawili wa Mloka, waliokwama hapa wiki nzima wakingoja gari na nikawaziba siku ya kuondoka, amesikia meno yao yapo mpaka leo. Na saruji yao aliikoroga yeye yule yule, kwa mkono ule ule.

Nilimjibu kwamba hapa ni mahali pa tiba, si kiunzi cha nyumba ya udongo. Akacheka, akasema haya mwanangu, mwenye macho ya vitabu haambiwi tazama. Akarudi kwenye nyasi zake.

Mwezi wa kwanza ukaja waraka wa kupunguza wafanyakazi. Umesikia redioni, ni nchi nzima. Kila kituo kilitakiwa kupeleka majina, kikianza na wenye doa kwenye kazi. Kwetu jina la kwanza lilikuwa la Bi Mwanajuma, na sababu iliyoandikwa mbele ya jina lake ilinakiliwa kutoka kwenye taarifa yangu, neno kwa neno. Ni mjane. Kwake wanakula watu saba, Zuena akiwa mmoja wao.

Halafu nikaugua. Ilikuwa Ramadhani. Homa ilinipiga siku tisa, hata mlango nilishindwa kuufungua. Aliyeufungua ni Bi Mwanajuma. Alikuja kila siku baada ya kukata nyasi, amefunga, midomo imekauka, akaniwashia jiko la mkaa, akanikorogea uji wa mchele na tui la nazi, akanishika kisogo akaninywesha kijiko kwa kijiko. Uji ule alionja chumvi yake kwa kunitazama uso, kwa sababu yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuuonja. Alinifulia shuka. Aliniimbia kwa Kimatumbi nyimbo ambazo sikuzielewa. Bila yeye, kaka, barua hii ungeandikiwa na mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu.

Sasa nikuambie nililolificha.

Maneno yake ya oili hayakunitoka. Nilikuwa na chupa ya meno niliyoyang'oa, nimeyahifadhi kwenye maji ya chumvi. Tarehe kumi ya Januari niliyapaka nane dawa ya fedha, nikayaweka kando kwa siku kumi. Jumamosi ya tarehe ishirini nikachukua nane mengine, nikayapaka, na saa ile ile nikayaziba yote kumi na sita. Saruji niliikoroga mimi mwenyewe, chumba kimefungwa, hakuna mkono wa mtu mwingine. Jioni nikachukua chuma changu nikasukuma. Yale niliyoyaacha yakauke, saruji ilikatika vipande lakini haikuachia jino. Yale ya saa ile ile, saba kati ya nane, saruji ilichomoka nzima kwa kusukumwa kidogo, na chini yake palikuwa na utelezi mweusi. Ya nane ilidondoka nilipoligeuza jino tu.

Niliketi chini sakafuni. Nilijua. Taarifa yangu ilikuwa uongo, jino la Zuena lilikuwa kazi ya mkono wangu, na mwanamke asiyemaliza darasa la nne alinieleza dirishani nilichokuwa nimeandika mwenyewe kwa wino mwekundu. Kesho yake nilimwita Zuena kimya kimya. Nilikwangua, nikaosha kwa maji mengi, nikakausha, nikaziba. Linashika mpaka leo. Wenzake walikuwa wamempa jina la Mkaa, na alipotoka mlangoni alinishika mkono akasema shikamoo tabibu, Mungu akuweke. Nami nikaitikia marahaba, kaka. Niliitikia.

Kwa hiyo homa iliponishika nilikuwa nimeshajua kwa wiki nzima na zaidi. Kila kijiko cha uji nilikimeza nikijua. Orodha ya majina ilipopelekwa Utete, wilayani, nilijua. Ulipoandika kuhusu sanduku nilijua. Nilijiambia nitasema nikipona, kisha baada ya Idi, kisha nikifika chuoni, ambako ningeandika kitabu kizima kuhusu dawa ya fedha na saruji na watu wangesema nina jicho. Siku hamsini na mbili. Usiseme nilikuwa mtoto. Nilizihesabu.

Jumanne iliyopita mganga mfawidhi alitutangazia kwamba barua za kupunguzwa zitatolewa mwisho wa mwezi huu. Jioni nilikwenda kwa Bi Mwanajuma. Alikuwa anapepeta mchele. Nilimwambia yote, na tarehe nikamtajia. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukabaki hauna pumba hata moja. Kisha akauliza, bila kupandisha sauti, kwamba basi siku zile zote uji wake ulikuwa unashuka tu? Akasema jambo la saruji lisingemuuma, mtu hukosea, hata yeye amewahi kuunguza futari ya watu arobaini. Linalomuuma ni uji. Akaniambia niende nikalale, na ninakopaswa kwenda nikaende, nikirudi ndipo tutasemezana.

Alhamisi nikaenda Utete. Kivuko cha Ndundu tulikisubiri kwa muda wa saa nne kwa sababu ya maji. Karani wa Mganga Mkuu wa Wilaya, kijana mmoja aitwaye Tamimu, alipopokea taarifa yangu mpya akaisoma juu juu, akanihurumia. Alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba hiyo tarehe ishirini Januari niibadilishe niandike juzi, dada yangu, tarehe haimng'ati mtu, utaonekana umegundua ukakimbia kusema. Nilimshukuru, maana alisema kwa wema. Lakini nilimwambia tarehe ndiyo habari yenyewe.

Mganga Mkuu aliisoma mara mbili. Aliniuliza kama kuna mtu amenilazimisha. Akatoa orodha kwenye mtoto wa meza, akalikata jina la Bi Mwanajuma kwa kalamu yake, akaandika pembeni arejeshwe kwenye chumba cha meno. Aliniambia maneno makali pia, nayo nayaacha yawe yangu. Aliagiza vituo vyote vyenye dawa ile viambiwe: wanaoweza kurudi wapakwe na kungojewa wiki, wanaotoka mbali, jino likwanguliwe kingo, lioshwe mpaka maji yatoke meupe, likaushwe, ndipo lizibwe. Aliuliza wazo la kuliacha likauke nililipata wapi. Nikamwambia kwa Bi Mwanajuma, na nikaomba jina lake liandikwe.

Ijumaa jioni Bi Mwanajuma alikuja kwangu. Hakusema amenisamehe na mimi sikumwuliza. Alisema amesikia nataka kwenda delta kuwazibia upya wale ishirini na tisa, na kwamba nikienda peke yangu nitanasa kwenye tope la mikoko na viboko watapata cha kuchekea mwaka mzima. Atakuja yeye, akoroge. Uji, akasema, safari hii kila mtu ajipikie. Kaka, nilicheka mpaka nikalia, na tangu siku ile nashukuru kwa kila kitu, hata kwa maji ya kisima.

Msalimie wifi, na umwambie mguu ausugue kwa mafuta ya nazi niliyompa Saadi, dereva wa lori la Songea, akuletee. Wasalimie watoto, na bibi mzaa mama, na padri, ingawa yeye utajua mwenyewe umwambie nini. Mungu awape kahawa nzuri.

Neno la mwisho nimelibakiza hapa kwa sababu mkono ulikuwa unalikwepa. Siku ile Utete nilitia sahihi karatasi mbili. Ya pili ni ya kuiachia nafasi ya chuo. Mganga Mkuu alisema hana nia ya kuninyang'anya, akaniambia nifikiri kwanza mpaka Jumatatu. Nilimwambia nafasi ile nilipewa kwa taarifa niliyoifuta mbele yake, na kwamba nikiondoka mwezi wa saba hakuna mwingine wa kuvifuata vile vinywa visiwani. Najua ni jasho lako nililoliacha mezani pale, wala sikukuuliza. Amepewa tabibu wa Mohoro, mwanamume mmoja mwenye watoto. Tamimu aliichapa barua yake mimi nikiwa bado nimesimama pale, nami ndiye niliyeibeba mpaka posta.

Mdogo wako akushukuruye,

Belinda